Kulikata Bawa la Spitfire

Msumeno wa kazi hii haufiki unene wa nusu milimita. Fundi anaulaza juu ya bawa la plastiki, karibu na ncha, pale eleroni inapoishia, na kabla hajauvuta mara ya kwanza anahakikisha kwamba mstari alioupiga kwa penseli unakutana sawasawa juu na chini. Bawa lenyewe halina kasoro. Limetoka kiwandani zima, na ncha yake ina ule mviringo mrefu ambao mpenzi yeyote wa ndege anaujua hata akionyeshwa kivuli chake tu. Kwa macho yangu hakuna ndege ya kivita iliyowahi kupewa umbo zuri kuliko hilo, na ndilo hilo fundi anakwenda kuliondoa.

Anayeunda modeli kwa kufuata karatasi ya maelekezo hana sababu ya kufanya ukatili huu. Ndani ya boksi kila kipande kina nambari yake na kila nambari ina zamu yake, na kazi ikiisha mezani panasimama Spitfire Mk V kwa skeli ya 1:48, sentimita 23 na kitu kutoka ncha hadi ncha, sawa na iliyochorwa kwenye kifuniko. Hiyo nayo ni kazi ya mikono na siidharau hata kidogo. Nimeona watu wakiiharibu kwa haraka. Ninayemsifu hapa ni fundi wa namna nyingine. Yeye hununua ndege moja ili apate nyingine, ambayo haimo ndani ya boksi lile.

Hii anayoitafuta ilikuwa na namba BR114. Ilifanyiwa mabadiliko mwaka 1942 huko Aboukir, pwani ya Misri, mashariki kidogo ya Alexandria, mahali palipokuwa na karakana kubwa ya jeshi la anga la Uingereza, Kikosi cha Matengenezo namba 103. Ili kuelewa kwa nini bawa linakatwa, ni lazima kwanza twende huko.

Katikati ya mwaka ule, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Waingereza walikuwa wamesukumwa nyuma hadi El Alamein, kilomita kama 100 tu magharibi ya Alexandria. Nyuma ya mstari wa mapambano vifaru vilikuwa vinapokelewa, maghala yanajazwa, barabara zinatengenezwa. (Maelfu ya vijana wa Tanganyika, Kenya na Uganda walikuwa wamepelekwa Mashariki ya Kati wakati huo katika vikosi vya pioneer, kuchimba, kubeba na kujenga, habari zao huandikwa kwa nadra sana mahali zinapoandikwa habari za ndege.) Juu ya maandalizi yote hayo ilikuwa ikipita ndege ya Kijerumani, Ju 86P, ikipiga picha. Ilitokea kisiwa cha Krete. Ilikuwa na injini mbili za dizeli, mabawa yenye upana wa zaidi ya mita 25, na chumba cha watu wawili kilichofungwa kikajazwa hewa. Iliruka kwenye kimo cha kilomita 12 hivi, na kwa muda mrefu hapakuwa na wa kuigusa.

Spitfire Mk V ya jangwani isingeweza kuifikia. Chini ya pua ilikuwa imefungwa filta kubwa ya kuzuia mchanga, na filta hiyo ilikuwa inailia kasi na nguvu ya kupanda. Mabawani ilibeba mizinga miwili na rashasha nne. Nyuma ya rubani kulikuwa na bamba la chuma la kumkinga na risasi. Basi mafundi wa Aboukir wakachukua Spitfire chache za aina ya Mk VC wakaanza kuzivua. Bamba la chuma likatoka. Mizinga na rashasha zikatoka, zikawekwa bunduki mbili tu za milimita 12.7. Rafadha ya mapanga matatu ikabadilishwa ikawekwa ya mapanga manne, kwa sababu huko juu hewa ni nyepesi na panga linahitaji kushika zaidi. Ncha za mviringo zikafunguliwa, zikafungwa nyingine ndefu zilizochongoka. Na filta ile kubwa ikaachwa ikatumika ndogo, iliyobuniwa hapo hapo karakanani, ambayo mpaka leo inaitwa kwa jina la mahali pale.

Rubani hakupewa chumba cha kujazwa hewa. Alipanda na barakoa ya oksijeni na nguo za baridi hadi mahali ambapo uzito wa hewa ni robo tu ya ule wa ufukweni, na baridi imepita nyuzi 50 chini ya sifuri. Tarehe 24 Agosti 1942 G. W. H. Reynolds, rubani wa majaribio wa kituo hicho, aliikuta Ju 86P upande wa kaskazini wa Cairo akaishambulia. Baadaye walitoka wawili wawili: ndege moja ilibaki na redio yake ikawa kiongozi, nyingine ikavuliwa hata redio ili ipande juu zaidi na kupiga. Ni watu wa karakana waliofikiri namna hii, wenye spana mkononi, waliopewa tatizo ambalo ofisi za wachoraji kule Uingereza zingelichukulia miezi.

Sasa turudi kwenye meza. Fundi wa modeli ana vipande vya plastiki vya ndege ya kawaida, picha chache za BR114 za rangi nyeusi na nyeupe, na maelezo ya maandishi. Kila badiliko ni lazima alifanye mwenyewe, na hawezi kulifanya vizuri kama hajui lilikuwa la nini. Ukijua kwamba ncha zilirefushwa ili kushika hewa nyepesi, utajua pia kwamba ni lazima ziwe nyembamba, ziendelee na mstari wa ukingo wa mbele wa bawa, zisiwe kama vipande vilivyobandikwa. Ukijua kwamba lengo lote lilikuwa kupunguza uzito, utaanza kujiuliza maswali ambayo karatasi ya maelekezo haijawahi kuyauliza: kiti hiki kilikuwa na mto? Kioo cha nyuma cha rubani, kile kidogo cha juu, kiliachwa? Mlingoti wa antena una kazi gani kwenye ndege isiyo na redio? Ndiyo maana naiona kazi hii kuwa aina ya usomaji. Fundi anawasoma mafundi wenzake waliomtangulia miaka 80, na majibu yake anayaandika kwa kisu.

Kuna kinaya kidogo katika kukata kwenyewe. Watu wa Aboukir hawakukata chochote. Ncha ya bawa la Spitfire ilifungwa kwa boliti tangu mwanzo; ukitaka bawa fupi la kupigania chini unaitoa, ukitaka refu unaifunga nyingine. Baadhi ya viwanda vya modeli vimefuata utaratibu huo na kuzitoa ncha zikiwa vipande vya pekee. Vingine vimemwaga bawa zima pamoja. Fundi mwenye seti ya namna hii ya pili analipa kwa msumeno kile ambacho wenzake walikimaliza kwa spana.

Akishakata, anapima. Ncha mpya haipo popote, kwa hiyo ataijenga kwa mabamba membamba ya plastiki. Bamba la kati analikata kwa umbo la ncha ikitazamwa kutoka juu, na mafundi wazuri huchagua bamba la rangi tofauti na mengine. Juu na chini yake hubandika mabamba mengine, kisha anaanza kuondoa kwa tupa, halafu msasa mkali, halafu laini, mpaka upande wa juu na wa chini vinashuka pamoja kuelekea ukingo. Ile rangi tofauti ya kati ndiyo shahidi wake. Inatokeza pembezoni ikiwa mstari mwembamba. Mstari ukinyooka, ncha iko sawa, ukipinda, upande mmoja umeliwa zaidi. Kabla ya kuunga, anatoboa bawa na ncha kwa kekee ya mkono na kupitisha waya mfupi ndani, kwa sababu ncha ndefu na nyembamba itagongwa siku moja, na gundi peke yake haitaihimili.

Ya kushoto ikikamilika, kazi ngumu ndiyo imeanza, maana ni lazima ya kulia ifanane nayo. Anachukua kipande cha kadi alichokikata kwa kufuata ncha ya kwanza, anakigeuza na kukilaza juu ya ya pili. Anaweka modeli mbele ya kioo cha kujitazamia, kwa kuwa jicho lililokwishazoea kosa huliona upya likigeuzwa. Halafu anapuliza praima ya kijivu. Praima haina huruma. Kiungo ambacho kidole kiliapa kwamba hakipo kinajitokeza, mkwaruzo wa msasa unaonekana, tundu la hewa kwenye puti linafunguka. Anapiga msasa, anapiga puti, anapuliza tena. Hapa ndipo wengi hukata tamaa, na hapa ndipo uvumilivu unaposifiwa bure na watu ambao hawajaufanya. Mimi naona si uvumilivu hasa. Kuvumilia ni kungoja jambo lipite. Huyu hangoji, anatafuta kosa kwa bidii, na akilikuta anafurahi kuliko ambavyo angefurahi kutolikuta.

Filta nayo ina kesi yake. Ile kubwa ya kawaida, ya Vokes, imo ndani ya maboksi mengi ya Spitfire za jangwani: kidevu kinene kilichoning'inia chini ya pua. Ya Aboukir ni fupi na imelala karibu zaidi na tumbo la ndege. Fundi anaikanda kwa puti ya sehemu mbili, ile inayochanganywa ikawa ngumu kama jiwe baada ya saa chache, anaiacha igande, kisha anaichonga. Ugumu wake ni kwamba haina mistari mikali ya kushikilia. Ni umbo la mviringo linaloyeyukia kwenye umbo jingine la mviringo, na picha iliyopigwa kwa ubavu haikwambii lolote kuhusu upana. Anaichonga kidogo, anaiweka mahali pake, anaishika modeli kwa pembe ileile ambayo mpiga picha wa 1942 alisimama, anafumba jicho moja. Si hivyo. Anaichonga tena. Kwa maoni yangu hii ndiyo sehemu ya kazi inayomtofautisha fundi na mkusanyaji wa vipande, kwa sababu hakuna kipimo cha rula kinachoweza kumwokoa. Ni jicho tu, na ukaidi wa kutokubali kilicho karibu na sawa.

Zipo njia za mkato, na si haramu. Watengenezaji wadogo, hasa wa Ulaya ya Kati, huuza vipande vya kubadilishia vilivyomiminwa kwa resini. Lakini ufundi wa kubadilisha ulizaliwa kabla ya vipande hivyo, na ulizaliwa kwa dhiki. Kampuni ya Airfix ilipotoa Spitfire yake ya kwanza mwaka 1953, ndani ya mfuko wa plastiki, umbo lake lilikuwa na makosa ambayo wajuzi hawajaacha kuyacheka. Aina za Spitfire zilizoruka zilizidi 20. Zilizopatikana dukani zilikuwa za kuhesabu kwa kidole kimoja au viwili. Aliyetaka nyingine alijitengenezea kwa mbao laini, mishumaa na plastiki ya vyombo vilivyovunjika. Jarida la Airfix lililoanza mwaka 1960 lilijaa makala za namna hiyo: chukua pua ya hii, mkia wa ile, kata hapa, jaza pale. Kizazi kizima cha Waingereza kilijifunza hivyo umbo la ndege, si kwa kulitazama, kwa kulikosea.

Skeli ina hesabu zake, na zinachekesha. Plastiki yenye unene wa milimita moja, ukiizidisha mara 48, inakuwa ukuta wa karibu sentimita 5. Ngozi ya alumini ya ndege halisi ilikuwa na milimita moja hivi, pengine pungufu. Kwa hiyo kila mahali ambapo ukingo unaonekana, kama vile milango ya magurudumu, mdomo wa rejeta chini ya bawa, ukingo wa nyuma wa bawa lenyewe, fundi anakwangua kwa ndani mpaka plastiki inaanza kupitisha mwanga. Mstari wa kuonyesha maungio ya mabamba nao una hesabu: ukiuchimba kwa upana wa nusu milimita, kwenye ndege halisi ungekuwa ufa wa kupenya kidole, na rubani asingekubali kupanda. Kwa hiyo anatumia sindano iliyonolewa na utepe mgumu wa lebo kuwa rula ya kupinda, anapita kwa wepesi mara nyingi badala ya mara moja kwa nguvu. Sindano ikiteleza, ndiyo imeteleza. Anajaza gundi, anaisubiri ikauke, anaanza upya kutoka mwanzo wa mstari.

Kuhusu ribiti kuna ugomvi usiokwisha. Wengine huzichimba zote, maelfu ya vitone, wengine husema kwa skeli hii hazionekani kabisa. Siwezi kuwaamulia, lakini nina kisa ninachokipenda. Mwaka 1937, waliokuwa wakiijaribu Spitfire ya kwanza kabisa, K5054, walitaka kujua ndege ingepoteza kasi kiasi gani kama ribiti zingekuwa za vichwa vya mviringo badala ya zile zilizolala sawa na bamba, ambazo ni ghali na zinachukua muda. Walichukua njegere kavu zilizopasuliwa, wakabandika nusu moja moja kwa gundi juu ya ribiti za ndege nzima, wakairusha. Kisha wakawa wanabandua safu baada ya safu na kuirusha tena, mpaka wakajua ni wapi kichwa cha mviringo kinaruhusiwa na ni wapi kitaiba kasi. Ilipokuwa na njegere zote ilipoteza maili 22 kwa saa. Nikimwona mtu mzima ameinama na kioo cha kukuzia, akitafuta safu ya vitone kwenye kiwiliwili cha ndege ya plastiki, huwa nawakumbuka wahandisi wale na njegere zao. Kazi ni ileile. Kwa njia, Mk V ilikuwa na ribiti za vichwa vya mviringo sehemu ya nyuma ya kiwiliwili, na zilizolala mbele ya mabawa. Anayezichimba zote kwa namna moja amefanya kazi kubwa na kukosea.

Halafu kuna chumba cha rubani, ambako ustadi mwingi unazikwa. Bamba la chuma la nyuma ya kiti, ambalo kiwanda kimelitengeneza kwa uangalifu, linakatwa na kutupwa. Panapobaki wazi panaonekana fremu ya ndani ya ndege, na kiwanda hakikuichonga fremu hiyo, kwani nani angeiona? Inabidi ijengwe kwa vipande vya plastiki vya upana wa uzi. Mikanda ya kiti inakatwa kwenye karatasi nyembamba au bati laini la tyubu, kisha inalazwa iangukie kitini kwa uzito wake, si kusimama imekakamaa. Kila kitu kinapakwa kijanikijivu cha Kiingereza, kinapitishiwa rangi ya mafuta iliyokorogwa na tina ili iingie pembeni, kinaguswa kwa brashi karibu kavu kwenye kingo. Halafu pande mbili za kiwiliwili zinafungwa, na kati ya kazi yote hiyo inabaki kuonekana sehemu ndogo, kupitia tundu lisilofika sentimita mbili. Nimewasikia watu wakiuliza faida yake. Sidhani fundi anaihesabu hivyo. Ameondoa bamba kwa sababu Aboukir waliliondoa. Akiliacha, ndege hii ina uzito ambao haikuwa nao.

Bunduki mbili ni kazi ya dakika chache na ni furaha tupu. Mirija ya mizinga inakatwa, matundu yaliyobaki ya rashasha yanazibwa na kusawazishwa kwa msasa, kisha kwenye bawa inaingizwa mirija iliyokatwa kwenye sindano ya hospitali. Tundu la bunduki ya milimita 12.7 kwa skeli hii ni robo ya milimita. Hakuna plastiki inayoweza kutobolewa hivyo ikabaki na mdomo wake, lakini sindano imekwisha kutobolewa na kiwanda.

Kwenye rangi, picha nyeusi na nyeupe ni shahidi mjanja. Filamu nyingi za zamani zilikuwa haziisikii rangi nyekundu, nyingine hata njano zilikuwa zikiitoa nyeusi, na buluu zikaitoa karibu nyeupe. Duara la njano linalozunguka alama ya jeshi la anga la Uingereza ubavuni mwa ndege linaweza kuonekana jeusi kuliko buluu iliyo karibu nalo. Asiyejua hilo atapaka ndege ambayo haijawahi kuwapo, huku akiapa kwamba amefuata picha. Anayejua anaanza kwa alama ambayo rangi yake haina ubishi, anatazama imetokaje kwenye picha, ndipo anakadiria zile zenye ubishi. Spitfire za jangwani kwa kawaida zilipakwa kahawia ya udongo na rangi ya mchanga juu, buluu ya anga chini. Ni rangi tatu tu, lakini buluu ile imewaingiza watu wazima katika ugomvi wa miaka.

Rangi yenyewe inapulizwa kwa brashi ya hewa, tabaka nyepesi sana, maana rangi nene inafukia ile mistari iliyochimbwa kwa siku nyingi. Mipaka ya madoa inazibwa kwa utepe au kwa msokoto wa puti laini ili kingo zisiwe kali mno. Kisha stika za maji: namba BR114 inaunganishwa herufi moja moja kutoka kwenye karatasi za ziada, kila moja inaloweshwa, inateleza mahali pake, inapewa dawa ya kulainisha mpaka inajilaza na kuonyesha ribiti chini yake.

Baada ya hapo huja uchakavu, na hapa nina malalamiko. Siku hizi kuna mtindo wa kuichafua kila ndege kana kwamba ilichimbwa ardhini: kutu, mafuta, rangi iliyobanduka kila kona. BR114 ilikuwa kipenzi cha karakana. Ilitunzwa na watu waliokuwa wakihesabu kila gramu na kila maili ya kasi. Ningeshangaa kama walimwacha mtu apande bawani na viatu vya matope. Masizi ya ekzosi ubavuni, ndiyo, hayazuiliki. Vumbi kwenye matairi, sawa. Zaidi ya hapo fundi anajipamba mwenyewe. Anayejua kuacha anastahili sifa sawa na anayejua kupaka, na ni wachache.

Kifuniko cha kioo cha rubani kinatumbukizwa kwenye polishi ya sakafu isiyo na rangi, ya akriliki, kinaachwa kikauke chini ya bakuli ili vumbi lisitue, na kinatoka kikiwa angavu kuliko kilivyotoka kiwandani. Taa za ncha, nyekundu kushoto na kijani kulia, zinachongwa kwa plastiki angavu na kuingizwa katika zile ncha mpya. Nyaya nyembamba za kutoka ubavuni hadi mkiani, ambazo Spitfire nyingi za wakati ule zilikuwa nazo, hutengenezwa kwa kulipasha fremu la plastiki juu ya mshumaa na kulivuta likiwa laini, mpaka linakuwa uzi mwembamba kuliko unywele. Ni mchezo mzuri sana kuutazama. Lakini anayeunda ndege iliyovuliwa redio analazimika kujiuliza kama nyaya hizo zilibaki, na akiamua hazikubaki, ustadi wake anaoupenda kuliko wote anauweka kabatini na kuziba matundu mawili madogo.

Wapenzi wa kazi hii nchini Uingereza wana chama chao, IPMS, tangu mwaka 1963, na kila Novemba wanakutana mjini Telford. Huko waamuzi hutembea na tochi ndogo. Hawaanzi na rangi. Wanaanza na maungio, na kama magurudumu yamesimama kwa pembe moja, na kama mabawa yamepanda sawa pande zote mbili. Ndege iliyobadilishwa kwa ustadi wa ajabu huanguka kwa gurudumu lililopinda. Wengi waliojenga ndege za namna ya BR114 wanasema sifa kubwa waliyowahi kupewa ni mtu kupita mezani, akatazama, akaenda zake bila kugundua kwamba kuna kilichobadilishwa.

Imebaki rafadha ya mapanga manne. Haimo kwenye boksi la Mk V, na kuichonga mwenyewe, mapanga manne yanayofanana na yenye kujipinda sawasawa, ni adhabu. Njia inayotumiwa na wengi ni kuazima kutoka kwenye seti ya Spitfire Mk IX, ambayo ilikuwa na mapanga manne tangu kiwandani, kisha kuisahihisha kwa kulinganisha na picha. Inafaa vizuri. Tatizo ni kwamba sasa rafuni kuna Mk IX kamili isiyo na rafadha, na fundi ameshaanza kusoma habari za namna injini ya Spitfire, iitwayo Merlin, ilivyokuwa ikifunguliwa mabamba na kunyanyuliwa kwa winchi chini ya turubai, ndege ikiwa kwenye matengenezo, pua wazi.